Samaki wa Bure

Je, yawezekana kumdhulumu jirani kwa kumpa kitu bure? Wengi watajibu mara moja kwamba haiwezekani. Muuzaji aweza kudhulumu, maana hupokea fedha. Mkopeshaji aweza, maana hudai riba. Lakini yule anyoshaye mkono na kusema, "Chukua, kitoweo hiki ni chako," amepata faida gani hata tumwite mdhalimu? Ndugu wasomaji, tunawaomba mtufuate hadi kando ya mto mmoja wa mbali, Mto Hudson, upitao katika mji wa New York huko Marekani. Hapo swali hili si la wanafunzi wa falsafa peke yao. Huwakabili watu wa kawaida kila mwaka, majira ya majani kupukutika yanapoanza.

Mto huo, katika sehemu yake ya chini, ni kama mkono wa bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mwendo huo hufika hadi kwenye ukuta wa kuzuia maji ulioko Troy, umbali wa kilomita 245 hivi kutoka ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Mwezi wa Septemba, siku zinapofupika na maji yangali na joto, samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliokulia mtoni hushuka makundi makundi kuelekea baharini, nao samaki wakubwa huwafuata. Anayesifiwa kuliko wote ni samaki wa milia, mwenye mistari myeusi saba au minane ubavuni. Wengi wa jamii yake huzaliwa katika maji ya mto huo huo, huenda kukulia baharini, kisha hurudi.

Ndipo watu wa mji husimama gatini na kandokando ya maji: vibarua waliotoka kazini, wazee waliostaafu, wageni waliohamia kutoka nchi nyingi. Hutia chambo katika ndoana, hufunga chubwi, hutupa mshipi maji yanapoanza kujaa, kisha huegemeza fimbo kwenye vyuma vya ukingo na kungoja. Ni starehe njema, nayo haimgharimu maskini fedha nyingi. Na kwa kuwa samaki mmoja wa milia aweza kuwa na kilo nne na zaidi, si ajabu mvuvi kumkatia jirani kipande. Ni nani atakayelaumu ukarimu wa namna hiyo?

Lakini mto huo una historia. Tangu miaka ya 1940 hadi mwaka 1977, viwanda viwili vya kampuni ya General Electric, vilivyokuwa Fort Edward na Hudson Falls, vilimwaga mtoni kemikali ziitwazo kwa kifupi PCB, zilizotumika katika kutengeneza vifaa vya umeme. Serikali ya Marekani inakadiria kwamba kiasi kilichomwagwa chaweza kufika ratili milioni 1.3. Kemikali hizo hazionekani kwa macho, wala hazina harufu ya kumwonya mlaji. Hukaa katika tope, huingia katika wadudu wa majini, kisha katika samaki, na kujilimbikiza katika mafuta yake. Moto wa jikoni hauziteketezi. Mwaka 2013 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliziweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Tena kuna hofu kubwa juu ya madhara yake kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka 1976 uvuvi wa biashara wa samaki wa milia ulipigwa marufuku katika mto huo. Kati ya mwaka 2009 na 2015 tope lenye sumu lilichimbwa, zaidi ya mita za ujazo milioni mbili. Hata hivyo mto haujatakasika kabisa.

Sasa angalieni jinsi mvuvi wa gatini alivyozungukwa na maagizo ya namna mbili. La kwanza ni sheria ya kipimo. Tangu mwaka 2023, katika maji ya chumvi ya New York, mtu huruhusiwa kuchukua samaki mmoja tu wa milia kwa siku, mwenye urefu usiopungua inchi 28 wala kuzidi 31. Akivunja sheria hiyo, askari wa uvuvi aweza kumtoza faini. La pili ni shauri la Idara ya Afya ya jimbo, ambayo kwa miaka mingi imewaonya wanawake walio chini ya umri wa miaka 50 na watoto walio chini ya miaka 15 wasile kabisa samaki wa mto huo, na watu wengine wale kwa kiasi kilichopangwa. Shauri hilo halina askari. Hakuna atakayegonga mlango kutazama chunguni. Basi sheria yenye nguvu humlinda samaki asimalizwe, na shauri lisilo na nguvu humlinda mtoto wa jirani. Kati ya mtoto huyo na sumu hakuna mlinzi mwingine ila dhamiri ya mtu aliyeshika ndoo.

Hapa ndipo wenye hekima wa zamani wanapotusaidia. Cicero, Mrumi aliyeandika juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyefikisha nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye ajua kwamba merikebu nyingine zenye nafaka zi njiani. Je, awaambie wanunuzi, au auze kwanza kwa bei kubwa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alisema kwamba kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alisema hapana: mnunuzi afunuliwe yote ayajuayo muuzaji. Cicero alimwunga mkono Antipater: anyamazaye kwa faida yake huku mwenzake akihitaji kujua, huyo anaficha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikuwa mpole zaidi kwa mfanyabiashara huyo. Bali juu ya kitu chenye kasoro iliyofichika, ambayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, alifundisha wazi kwamba muuzaji asiyeitaja hutenda yasiyo haki.

Mtu atasema, "Hao walikuwa wauzaji. Mimi nagawa." Neno hilo lataka kupimwa vizuri, maana ndilo kiini cha shauri letu. Sisi twaona kwamba mwenye kugawa anao wajibu mkubwa zaidi. Mnunuzi hukagua. Huinua samaki, humfunua mashavu, humbonyeza, huuliza alivuliwa wapi na lini. Fedha yake humpa haki ya kuuliza bila haya. Mpewa hakagui. Adabu yamfunga mdomo. Akiuliza habari za samaki wa bure ataonekana hana shukrani. Kwa hiyo maswali yote ambayo mnunuzi angeyauliza, mpewa amemwachia mtoaji ajiulize kwa niaba yake. Ameyafumba macho yake kwa sababu amekuamini. Kumpa mtu wa namna hiyo kitu usichothubutu kumlisha mwanao, pasipo kusema neno, ni kuitumia imani yake dhidi yake.

Yapo mapingamizi, na hayafai kudharauliwa. La kwanza: jirani ni maskini, na njaa ya leo ni hakika kuliko ugonjwa wa miaka 20 ijayo. Kweli, lakini uamuzi huo ni wake, si wako. Mama mwenye mimba aweza kuchagua ikiwa tu ameambiwa. Amfichaye habari "kwa huruma" amemfanya kama mtoto asiyeweza kuamua mambo ya nyumba yake. La pili: maonyo yamekwisha kuchapishwa, tena kwa lugha nyingi, aliyetaka kujua angalijua. Lakini onyo lililobandikwa gatini humfikia aendaye gatini, na mpishi yuko nyumbani, ghorofani, hajaliona. Mvuvi ndiye aliyepita mbele ya bango. Kwa hiyo yeye ndiye njia pekee ya maneno yale kufika jikoni. La tatu: mvuvi hakuitia sumu mtoni. Naam, hakuitia, wala hatumtwiki dhambi ya kiwanda. Walakini tukumbuke ubaya ule ulivyodumu miaka mingi: kila mmoja katika mfululizo ule alijua sehemu yake na kuona kwamba kusema ni kazi ya mwingine. Mvuvi anyamazaye ameingia mwishoni mwa mstari uo huo.

Wala wajibu huu si mzigo mzito. Hautaki mtu aache kuvua jioni za Septemba, wala avunje urafiki. Wataka maneno machache yasemwayo kwa upole: samaki huyu ametoka mto fulani, wakubwa wa afya wasimle mara nyingi, watoto na mama mjamzito wasimle kabisa, ondoeni ngozi na mafuta, maana humo sumu hujaa zaidi. Na kama nyumba ile ina watoto wengi na mama mjamzito, afadhali mvuvi amrudishe samaki majini angali hai, apeleke kitoweo kingine au aende mikono mitupu. Jirani mwema hakosi kupendwa kwa sababu amekuja bila kitu.

Wasomaji wetu wengi hawatauona Mto Hudson. Lakini ni nani asiyewahi kugawa? Mahindi yaliyoota ukungu, dawa iliyopita muda wake, maziwa ya ng'ombe mgonjwa: vitu hivi huhama kutoka nyumba hata nyumba vikiwa vimevikwa jina zuri la sadaka. Kabla ya kunyosha mkono, kila mmoja ajiulize kama angekipakua kitu kile katika sahani ya mwanawe. Jibu likiwa hapana, basi akitupe, au aseme.