Jina, Nasaba na Vitendo: Mazingatio juu ya Nyegere

Katika Kiswahili, nyegere ni mnyama mmoja tu: yule mweusi tumboni na mweupe-kijivu mgongoni, mvunjaji mashuhuri wa mizinga ya nyuki. Waingereza, kwa upande wao, wana jina moja walilolitandaza juu ya jamii nzima ya wanyama, kutoka misitu ya Ulaya hadi mbuga za Marekani, na nyegere wa Afrika wakamtia humo humo. Basi hapa pana swali. Ni kitu gani kinachowakusanya viumbe hao chini ya jina moja: sura, damu, au vitendo? Swali hilo si la wataalamu wa wanyama peke yao. Binadamu naye hujiuliza tangu kale iwapo mtu ni jina aliloitwa, ni ukoo aliozaliwa, au ni kazi ya mikono yake.

Wa Ulaya ana kichwa cheupe chenye michirizi miwili myeusi, na huishi kwa makundi katika mashimo yanayorithiwa kizazi baada ya kizazi. Japani ina wake, asiyepatikana penginepo. Kusini-mashariki ya Asia wapo wenye pua mithili ya nguruwe. Wa Marekani hukaa peke yake, ingawa mara nyingine huonekana akiwinda sambamba na mbweha wa huko: mmoja afukua, mwengine akimbiza. Takriban wote wana miguu mifupi na kucha ndefu, na wote ni wachimbaji.

Hata hivyo, uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa nyegere wa Afrika na yule wa Marekani wametokana na matawi mengine kabisa, mbali na la yule wa Ulaya. Ajabu zaidi ni wale wa visiwa vya Java, Sumatra, Borneo na Palawan. Kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa wa jamii hiyo, mpaka katika miaka ya 1990 ilipobainika kuwa ndugu zao wa damu wako Marekani, nao ni wale wanyama wanaojihami kwa kurusha maji yenye uvundo.

Wenye kushika nasaba watasema kwamba kosa limesahihishwa: mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini yule mnyama wa Palawan, siku ya pili baada ya kuhamishwa ukoo vitabuni, alitoka usiku akachimbua wadudu vile vile. Nasaba yaeleza alikotoka, haielezi anavyoishi. Wachimba madini ya risasi wa Wisconsin, huko Marekani, walipojichimbia makao vilimani katika miaka ya 1820, waliitwa kwa jina la mnyama huyo, na jimbo lao hata leo lajulikana kwalo. Hapo jina limefuata kazi, na hakuna aliyeuliza damu.

Ikiwa nasaba haitoshi kumweleza kiumbe, je, yatosha kumhukumu? Uingereza imekabiliwa na swali hilo. Sheria ya mwaka 1992 inamhifadhi mnyama huyo. Lakini yeye ni miongoni mwa wanaobeba kifua kikuu cha ng'ombe, na tangu mwaka 2013 zaidi ya laki mbili wameuliwa kwa idhini ya serikali, aghlabu bila ya kupimwa mmoja mmoja. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Ni insafu kukiri kuwa machungu ya wafugaji ni ya kweli, kwani makumi ya maelfu ya ng'ombe huchinjwa kila mwaka kwa sababu ya maradhi hayo. Lakini jaribio kubwa lililoanza mwaka 1998 lilionyesha kwamba kuua kwaweza kuwatawanya waliobaki, wakayapeleka maradhi pembezoni mwa eneo lenyewe.

Mnyama hana nia, na asiye na nia hana hatia. Kwa hiyo linalotendwa kwake haliwezi kuitwa adhabu. Ni kinga tu. Na kinga ina masharti yake: iwe ya lazima, iwe na kipimo, na njia nyepesi, kama vile chanjo, itangulizwe kila inapowezekana. Mtu akishamwita mnyama adui, masharti hayo humtoka akilini, kwa kuwa adui hapimwi. Madhara ya neno huanzia hapo.

Wafuga nyuki wa Tanzania nao humwita nyegere mwizi. Lakini wizi ni wa ajuaye cha mwenziwe, na nyegere aijua asali tu. Wengi wao hutundika mizinga kwa waya, mbali na shina, ili asiifikie. Ulimi umemtuhumu, ilhali mkono umetambua kwamba mwenye akili ndiye mwenye wajibu wa kutafuta njia. Lau binadamu angewapa binadamu wenzake fursa hiyo, akamtazama kila mmoja kwa atendalo, si kwa kabila wala jina la babu yake, dhulma nyingi zingekosa pa kuanzia. Asiyekujua hakuthamini; na anayekujua kwa jina tu bado hajakujua.