Kabla ya Kulipa Karo, Ulizeni Bodi

Wanangu mlioko Marekani, nyinyi mnaokesha mkigeuza wazee katika nyumba za kutunzia wagonjwa kisha asubuhi mnafungua kompyuta msomee uuguzi, katika bidii yenu sina la kukosoa. Neno langu ni juu ya chuo chenyewe. Unaishi Tacoma, jimbo la Washington, chuo kiko upande wa pili wa nchi, masomo ni ya mtandaoni. Je, jimbo unaloishi linakitambua?

Marekani haina bodi moja ya wauguzi ya taifa zima. Mtihani ni mmoja, NCLEX, lakini ruhusa ya kuufanya hutoka kwa bodi ya jimbo unakoombea leseni. Kwa hiyo mtu wa udahili akikwambia "tuna ithibati", mwitikie kwa adabu kisha uendelee kuuliza. Ithibati ya mashirika kama ACEN au CCNE inahusu ubora wa mafunzo. Idhini ya bodi ya jimbo lako ni habari nyingine. Akitaja SARA, yale makubaliano yanayoruhusu vyuo kufundisha wanafunzi wa majimbo mengine, mkumbushe kwamba California haimo, na kwamba hata kwa waliomo, makubaliano hayo hayazifungi bodi za wauguzi mikono.

Tazameni Washington. Programu ya jimbo jingine ikitaka kumweka mwanafunzi wake katika hospitali ya huko kwa mazoezi, sharti ipate kwanza idhini ya bodi ya Washington, hata kama mhadhiri hajawahi kukanyaga Seattle. Mgonjwa unayemgusa yuko Washington, na sheria inamfuata mgonjwa.

California ni kali zaidi. Chuo cha Excelsior cha Albany, New York, kiliwapa watu wengi waliokuwa tayari kazini njia ya kuwa wauguzi kamili bila saa za wodini za kawaida. Kwao New York walikubaliwa. California ikawafungia mlango wote waliojiandikisha kuanzia tarehe 6 Desemba 2003. Hao hawakughushi kitu. Vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 vya Florida vilivyozua kesi mwaka 2023 viliuzwa kwa watu ambao hawakuyamaliza mafunzo; hawa wa Excelsior walisoma, wakafaulu, na bado cheti kikakwama mpakani. Hilo ndilo linalonitia hofu kwa ajili yenu.

Katika tovuti ya chuo, tafuteni orodha ya majimbo. Utaikuta imefichwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: majimbo ambako programu inatosheleza masharti ya leseni, ambako haitoshelezi, na ambako chuo "hakijabaini". Kuanzia Julai 2024, vyuo vinavyopokea fedha za mikopo ya serikali kuu vinatakiwa kuhakikisha programu inatosheleza masharti ya jimbo ulipo unapojiandikisha. Lakini ukihama katikati ya masomo, rudi kwenye orodha hiyo upya.

Kisha iandikieni bodi wenyewe, msimwachie mtu wa udahili, ambaye ni mpole na hupokea simu kabla haijalia mara ya pili. Taja jina kamili la programu, ngazi yake, na jimbo utakalofanyia mazoezi, kwa sababu chuo hicho hicho kinaweza kuwa na idhini ya programu moja na kukosa ya nyingine. Jibu lihifadhi. Na yeye wa udahili muulize nani atakutafutia hospitali. Wanaosomea shahada za juu za uuguzi mara nyingi huachiwa wajitafutie msimamizi wenyewe.

Aliyekwisha kuanza asikate tamaa, ila aulize kabla ya muhula wa mazoezi. Anatomia na saikolojia mara nyingi vyuo vingine huzipokea. Saa za wodini ndizo ngumu kuhamisha.