Ushuhuda wa Walio Nje

Soma Matendo 6:1–6 na 1 Timotheo 3:7. Kiongozi wa kanisa anapaswa kushuhudiwa na nani?

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi huko Somanga, Kilwa. Abiria walikwama. Siku kama hizo, mwenye njaa haulizi cheo cha mtu kanisani. Hutazama ni nani aliyebandika sufuria.

Kamati ya uchaguzi huwajua wahubiri na waimbaji. Lakini majirani wengi wa Kilwa ni Waislamu. Wao humjua Mwadventista kwa matendo yake. Ushuhuda wao haumpi mtu Roho wala hekima, ila kanisa lisiloutafuta huchagua kwa kujua nusu tu ya habari.

Je, jirani yako asiye mshiriki angemtaja nani? Kwa nini?