Kioo Cheusi, Kompyuta Hai
Kioo ni cheusi tititi. Fundi amepachika draiva ya kadi ya picha ya Nvidia isiyolingana na toleo la kernel (kiini) ya Linux, sasa anadhani ameua kompyuta. Kumbe feni inavuma! Anabonyeza Ctrl, Alt na F3: maandishi meupe yanamwomba jina na nywila.

Je, kisichoonekana hakipo?

Mwaka 1710, George Berkeley wa Ayalandi aliandika kwamba kuwepo ni kutambuliwa. Hapa hoja yake inapwaya, kwa kuwa kompyuta inaendelea kufanya kazi bila mtu kuiona, ingawa yeye angejibu kwamba Mungu huona daima.

Gumu zaidi ni suala la kuiamini draiva yenyewe. Hadi Mei 2022, Nvidia ilipofungua msimbo wa moduli zake za kernel, mtumiaji wa draiva yake aliamini asichoweza kukisoma.

Fundi anaiondoa draiva, anawasha upya. Nouveau, draiva huria ya kadi za Nvidia, inarudisha picha.