Bikoni Jikoni

Ndugu zangu wa Inyonga, nimekula ugali ulioivia juu ya bikoni, lile jiwe la mpaka la wapima ardhi. Mafiga yalikuwa matatu: mawili mawe ya kawaida, la tatu kipande cha zege kilicholazwa ubavu, ncha ya nondo ikichungulia, masizi yamekishika mpaka namba yake haisomeki. Mama mwenye nyumba alisema waliikuta pembeni mwa kiwanja, inawakwaza watoto, wakaing'oa. Hakuna aliyewakemea. Mimi nami nilinawa, nikala, nikashukuru. Ndiyo maana leo sinyamazi.

Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na mji huu ukawa makao makuu ya Wilaya ya Mlele, kila mwenye shamba la mihogo aliota viwanja. Lami ya Tabora hadi Mpanda ilipofika, ndoto zikageuka pesa. Mkapima kwa hatua za miguu. Mnauziana kwa karatasi ya daftari, mashahidi wanne na muhuri wa kitongoji, na barabara haimo katika hesabu ya muuzaji wala ya mnunuzi. Fundi anaitwa Ijumaa jioni ili Jumatatu ofisi ikifunguliwa kuta ziwe zimekwisha kunyanyuka. Mnajua vizuri mnachokikwepa! Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 haikutungwa kwa ajili ya Dar es Salaam peke yake.

Mkiulizwa mnajibu kwamba kibali cha ujenzi kinachelewa. Kweli kinachelewa, na hapa ninawageukia ninyi waheshimiwa madiwani wa halmashauri zetu, popote mlipo. Kibali si karatasi tu. Ni afisa mipango miji aliyekuja kusimama kiwanjani na ramani mkononi, ni bwana afya aliyeangalia choo kitachimbwa wapi, ni mhandisi aliyerudi kukagua msingi kabla haujafukiwa. Kila mmoja wao anahitaji mafuta ya pikipiki. Lakini bajeti ikibana, kalamu yenu hukimbilia fungu la mipango miji, kwa sababu barabara iliyochorwa kabla ya nyumba haikatiwi utepe wala haipigiwi ngoma. Darasa mnalizindua. Mchoro mnauacha uliwe na mchwa. Mnamnyang'anya mtu jembe, kisha mnamtukana kwa njaa.

Serikali Kuu nayo isijifiche nyuma yenu. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa halmashauri ukapelekwa TRA kwa sheria ya mwaka 2016, na tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Kazi ya kuyasimamia majengo yenyewe haikuhamishwa pamoja nayo.

Na mnajua kuchelewa huku kwa kibali kunamnufaisha nani. Aliyewasilisha ramani yake kwa heshima anasubiri, mvua zinaanza, tofali alizofyatua zinalowa na kumomonyoka uwanjani. Asiyeuliza mtu amekwisha kuezeka. Mnamwadhibu mtiifu, mnamfundisha mwanawe kwamba baba yake alikuwa mjinga. Siku moja rangi nyekundu itakuja ukutani, alama ya X na neno BOMOA, na atakayelia ni mjane aliyeuziwa njia ya maji ya mvua, wakati muuzaji alishakula pesa zamani.

Ukonongo wetu huu ni nchi ya asali. Mfuga nyuki wa hapa huukagua mti, huangalia maji yako wapi na watu wanapita wapi, ndipo anatundika mzinga. Nyuki mnawapangia. Watoto wenu je?

Msiniambie maafa ni ya mijini. Tarehe 29 Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa na kibali cha ghorofa 10 liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo la Kariakoo nalo likafukia watu. Kwetu hakuna ghorofa 16. Kwetu kifo kitapita uchochoroni. Mvua ya Januari itakiunganisha choo cha jirani na kisima chenu, maana vimeachana hatua saba, nimezihesabu mwenyewe. Mama atashikwa na uchungu usiku wa manane na bajaji itasimama barabarani, kwa sababu kuta mbili zimeachiana upana wa baiskeli; mtambeba kwa blanketi, pembe nne, wanaume wanne, mkipita ubavu ubavu. Moto utashika paa moja na kurukia la pili, na mtabomoa ukuta kwa mikono kutafuta ile njia mliyoiuza.

Vikao vya bajeti vya madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae kule nyuma, msikie fungu la mipango miji likisomwa, diwani wenu awaone usoni anapolikata.

Yule mama, nilipomwambia jiwe lile ni la nini, alilitoa motoni siku hiyo hiyo, akalipangusa kwa kanga. Akataka kulirudisha. Tukatoka naye mpaka pembeni mwa kiwanja, tukazunguka mara mbili, na hakuna kati yetu aliyejua lilikuwa limesimama wapi.