Usingoje Matanga Ndipo Ushukuru!

Amka, mtu wa Kosele! Unajua nani alikubeba. Unalijua jina lake, unaujua mlango wake, unaijua njia ya kwenda kwake. Mbona hujaenda?

Usiniambie kesho! Nimekaa chini ya mahema ya matanga, Oyugis na Kabondo, nikasikia vipaza sauti vikivumisha sifa. Huyu mama alinilipia karo! Huyu mzee aliniokoa! Huyu dada alinilisha! Na anayesifiwa yumo sandukuni: hasikii, hajibu, hatabasamu.

Ng'ombe amechinjwa, hema limekodishwa, tisheti zenye picha yake zimechapishwa. Neno la bure, lile ambalo halikuhitaji hata harambee, ndilo alilonyimwa akiwa hai!

Wakumbuke kina dana, nyanya zetu! Ukimwi ulipofyeka nyumba zetu, kabla Madaktari Wasio na Mipaka hawajaanza kutoa dawa za ARV bila malipo Homa Bay mwaka 2001, nani alibaki na watoto? Dana! Alizika wanawe, akafuta machozi, akashika jembe. Aliuza viazi vitamu, ukapata daftari. Aliuza kuku, ukapata viatu. Alilala njaa, ukashiba.

Leo una kazi Nairobi. Unamtumia pesa kwa M-Pesa, na ni vyema, usiache. Lakini pesa itanunua sukari tu. Haitamwambia kwamba uliiona sufuria yake tupu, na kwamba hujasahau.

Soma Luka 17! Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, tena Msamaria, mgeni! Sidhani wale tisa walikuwa waovu. Walikuwa na haraka. Kama wewe!

Unaona haya? Unaogopa atakushangaa? Moyo wako unakudanganya! Mwaka 2018 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha habari za watu walioandika barua za shukrani. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona aibu. Kumbe wapokeaji walifurahi kuliko ilivyotarajiwa.

Na wewe utavuna! Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walieleza jinsi walivyowataka watu waandike barua ya shukrani na kuipeleka wenyewe. Furaha ya waliokwenda ilipanda, ikakaa kama mwezi, kisha ikafifia. Ikafifia, umesikia? Basi usiende mara moja ukajiona umemaliza deni. Rudi! Rudi tena!

Ukifika, usimtupie "asante kwa yote" ukakimbilia chai. Taja karo ya kidato cha pili. Taja uji wa usiku ule wa malaria. Taja blanketi alilokufunika nalo, naye akatetemeka. Kisha mwambie erokamano, asante yetu ya Kijaluo, ukimtazama usoni.

Umekosa nauli? Piga simu! Umekosa salio? Kopa kwa Okoa Jahazi! Mmegombana tangu Krismasi? Nenda hivyo hivyo!

Bodaboda ziko stejini. Panda sasa!