Mteremko Kabla ya Marathoni
Mkimbiaji wa ridhaa anayejiandaa kwa marathoni huogopa mlima, ilhali kinachoyamaliza mapaja yake zaidi ni mteremko. Katika mbio hizo za kilomita 42.195, kila hatua ya kushuka huilazimisha misuli ya mbele ya paja kurefuka huku ikikaza ili mwili usiporomoke, na mkazo wa aina hiyo huziumiza nyuzi za misuli kuliko ule wa kupanda, hata maumivu yakazidi siku ya pili baada ya zoezi. Hata hivyo, misuli iliyoumia kidogo hujijenga na kuwa sugu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo barabara ya Rusizi, nchini Rwanda, inayoteremka kutoka Kamembe hadi Ziwa Kivu ni hazina ya kweli, na anayeipanda kwa bidii kisha akashuka kwa pikipiki huipoteza nusu iliyo bora. Anayekusudia Marathoni ya Kimataifa ya Amani, inayokimbiwa kwenye vilima vya Kigali tangu 2005, yampasa aizoee miteremko mapema, kwa hatua fupi na goti lililokunjwa kidogo, kisha aiache wiki mbili kabla ya shindano.